Mito Minne Isiyo na Jina

Mnivumilie kwanza kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande mmoja, na mahali pengine nitakuwa nimeandika neno kama tunavyolisema hapa Goma, njo badala ya ndiyo, mbele badala ya kabla, juu badala ya kwa sababu, si kama vitabu vinavyotaka. Mjukuu wangu alitaka nimsimulie yeye aandike, kwa kuwa yeye ni mwepesi. Nilikataa. Jambo la aibu ukimsimulia mtu ana kwa ana, unaanza kulipunguza kidogo kidogo ili asikuone vibaya, na hili nimelipunguza miaka ya kutosha. Nimeandika mwenyewe, ukurasa mmoja kwa siku, na siku nyingine nusu.

Kilichonisukuma ni kilio kimoja cha msiba mtaani Keshero, mwezi uliopita. Alikuwa amekufa mama mmoja tuliyejifunza naye kushona kwa masista tulipokuwa wasichana. Nilikaa nyuma karibu na masufuria, kwa maana hata katika uzee sipendi mahali ambapo watu wananiona. Walipotuletea bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, mwanamke mnene mwenye fimbo alikuja akajiketisha kando yangu kwa kuugua, akavuta sahani yangu katikati yetu bila kuomba ruhusa. "Faida, haunijue?" Alikuwa Kavira, rafiki yangu wa utotoni. Kwa miaka mingi, tangu aliporudi kutoka Butembo akiwa mjane, tulikuwa tunapungiana mkono tu kwa mbali, kanisani au sokoni. Tulikula. Kisha akaniuliza, akiutoa mwiba wa samaki katikati ya meno, bila kunitazama: "Mama Mbambu alifiaka wapi? Unajua?" Nikasema sijui. "Miye pia sijui," akasema, akaendelea kula. Niliiacha sahani, nikarudi nyumbani. Jina hilo hakuna aliyekuwa amelitaja mbele yangu tangu mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Ulikuwa mwaka ambao bado tulikuwa tunajikwaa katika majina. Serikali ilikuwa imeamuru tuache majina ya ubatizo, na Kavira, ambaye tangu utoto tulimwita Tereza, alikuwa amerudi kuwa Kavira. Wazee walimwita "Tere—" halafu wakashika mdomo wakicheka, wakitazama kama kuna mtu wa chama anayepita. Tulikaa katika parsele moja, nyumba tatu zilizozunguka ua mmoja wa mawe meusi: sisi, kina Kavira, na chumba kimoja cha Mama Mbambu, mjane aliyepika mikate ya mafuta na kuiuza asubuhi mbele ya lango. Nikifumba macho naweza kukiona chumba kile hadi leo. Kitanda, sanduku la bati, ndoo ya unga uliochachuka iliyofunikwa kwa kitambaa kama mtoto aliyelala, na ukuta mweusi wa moshi upande wa jiko. Mama Mbambu alizaliwa Vitshumbi kando ya ziwa la kaskazini, hakuwa na mtoto hapa mjini, na alikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mimi aliniita bubu wake. "Bubu wangu, leo umesema maneno ngapi? Mbili? Pumuzika basi, usije ukagonjwa."

Ni kweli sikuwa nasema. Sikuwa na haja ya kusema, kwa sababu Kavira alisema kwa ajili yangu. Dukani yeye ndiye aliyeitisha chumvi yangu. Kwa masista, sista aliponiuliza kwa nini pindo langu limepinda, Kavira alijibu kabla sijafungua kinywa: "Faida anasema uzi ulikuwa mubaya." Na mimi sikuwa nimesema lolote. Nilitumia mdomo wake kama mtu anavyotumia mlango wa jirani, nikaona ni jambo la kawaida, hata sikumshukuru.

Mwaka ule Kavira aliposwa na kijana wa wafanyabiashara wa Butembo. Ndoa ilipangwa mwishoni mwa kiangazi, na wasichana wote wa kwa masista walianza kunong'onezana nani ataleta nini. Mimi nikakusudia kumshonea mito minne ya vipande, vitambaa vidogo vya rangi zote vilivyoungwa kwa mkono, na nilitaka asijue hadi siku yenyewe. Vipande nilivipata kwa Papa Ndoole, fundi wa kushona aliyeweka mashini yake kwenye baraza moja karibu na soko, baraza ambalo aligawana na kinyozi. Kila alasiri niliwafagilia, na kama malipo nilichukua vilivyoanguka: vipande vikubwa kwa ajili ya uso wa mto, vidogo na nyuzi kwa ajili ya kujaza ndani, maana pamba sikuwa nayo. Wanaume wale wawili walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni fagio. "Huyu mutoto anafagia muzuri kuliko bibi yako," kinyozi alisema. Papa Ndoole akajibu bila kusimamisha mguu: "Bibi yangu hafagiake. Bibi yangu anaamuru." Nilicheka ndani ya kifua. Zile alasiri, nikiwa nimeinama kati ya nyuzi za huku na nywele za kule, nikitenganisha kwa vidole, nadhani nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tena mwaka ule. Mito mitatu niliijaza kwa uangalifu. Wa nne niliujaza siku ya mwisho, kwa haraka, na sikuchagua vizuri.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Nilishonea nyuma ya jiko la Mama Mbambu, mahali ambapo Kavira hakupita, na yeye alisimama mara kwa mara mikono imejaa unga, akatazama. Siku moja aliingia chumbani, akatoka na kikwembe chake cha ndoa, kitenge cha kujifunga kiunoni. Kila mtu wa mtaa alikijua kikwembe kile, cha rangi ya udongo chenye ndege wa bluu, aina ambayo maduka yalikuwa yameacha kuleta siku nyingi, na yeye alikivaa kila Jumapili bila kukosa. Alikata upande mmoja kwa wembe, vipande vinne sawasawa.

"Mama, hapana," nikasema.

"Tazama, bubu amesema! Chukua. Unaweka moja katikati ya kila muto. Kavira alinichoteaka maji wakati miye niko mugonjwa, na hakuna mutu alimutuma. Akilala kule Butembo, anikumbuke."

Niliviweka katikati.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Kwetu, baada ya kanisa na chakula, zawadi zinapangwa juu ya mkeka mbele ya maarusi, kila moja ikiwa na karatasi ya jina, na msemaji anaziinua moja moja na kusoma. Aliyetajwa anasimama, anakwenda mbele akicheza kidogo, wanawake wanapiga vigelegele, anampa bibi arusi mkono. Nilikuwa nimeibandika karatasi yangu kwa pini, na wiki nzima nilikuwa nimejizoeza namna ya kutembea hatua zile chache. Mito nilikuwa nimeiacha kwenye zawadi asubuhi, kabla watu hawajafika, lakini nilipoiona imepangwa mkekani nilijuta. Kulikuwa na mabeseni yenye maua, termosi mbili, blanketi ambazo bado zina nailoni, saa ya ukutani. Mito yangu ilikaa kati ya vitu hivyo kama watu waliokuja wakiwa hawajaoga. Nyuma yangu wasichana wawili wa kwa masista walikuwa wanaikagua zawadi moja baada ya nyingine.

"Na ile njo nini? Ni mito?"

"Wapi! Ni bitambala ya kupangusa sahani, wamefunga pamoja."

"Labda ni ya kulalisha mbuzi ya mahari."

Wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu sikucheka kwa ndani kama nilivyozoea, nilicheka kwa sauti, mimi ambaye sauti yangu hakuna aliyeijua. Kisha nikasogea mkekani kama mtu anayepanga vitu, nikaivuta ile karatasi kwenye pini, na kwa kuwa sikuwa na mahali pa kuitupa nikaitia mdomoni nikaitafuna.

Sikuwaza zaidi ya hapo. Niliwaza tu kwamba mito itapita bila mtu, kama vile kuku anavyokatisha ua. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua: zawadi isiyo na mtu haiingii nyumbani mwa bibi arusi, isije ikawa imebeba uchawi, na zaidi ya zote kitu ambacho mtu ataweka kichwa juu yake akalala. Msemaji aliinua mto wa kwanza, akaugeuza, akaugeuza tena. "Mito ine," akasema. "Jina hakuna. Mwenye mito asimame." Watu wakangoja. Akasema mara ya pili, na safari hii hakuna aliyecheka. Ndipo akainuka Shangazi Masika, shangazi wa bwana arusi, mwanamke mrefu aliyekuja kutoka Butembo na ambaye sisi wote tulimwogopa tangu asubuhi. Akaomba wembe.

Mto wa kwanza ulimwaga nyuzi na vipande. Wa pili, vilevile. Nikaanza kupumua. Wa tatu, vilevile. Katika wa nne zilitoka nywele, fundo la nywele fupi nyeusi, likaanguka juu ya mkeka mbele ya miguu ya Kavira. Walioketi mbele walirudi nyuma pamoja na viti vyao. Ningeweza kusema neno moja: kinyozi. Neno moja hilo tu, na Papa Ndoole mwenyewe alikuwa ameketi pale nyuma kabisa, asikoona mkeka, angeitikia, watu wangecheka hadi wakalia. Lakini ulimi wangu ulikuwa bado na karatasi.

Shangazi Masika akashika uso wa mto, akatazama katikati. "Hii kikwembe nimeiona leo," akasema. Hakuhitaji kutafuta. Mama Mbambu alikuwa amekaa upande wa wapishi, amekivaa, na upande mmoja ulikuwa umekatwa na kupindwa upya.

"Ni yangu," Mama Mbambu akasema. Alisimama. "Bipande ni yangu, nilitoa na mukono yangu. Lakini hapana miye nilishona."

"Basi ni nani?"

Akanitazama. Hakunyoosha kidole. Aliniangalia tu, muda mrefu, kwa uso ule aliokuwa nao akingojea mkate ugeuke rangi. "Mwenye kushona iko hapa," akasema. "Ana mudomo. Atasema."

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya kuazima, vyeupe, na cha kushoto kilikuwa na tone la mchuzi. Nililitazama tone lile hadi Shangazi Masika aliposema, "Munaona? Hana jina ya kutaja." Mito ilichomwa nyuma ya jikoni. Ngoma ikaanza tena baada ya kitambo, na Mama Mbambu akatoka langoni peke yake, akitembea taratibu, akishika upande uliokatwa kwa mkono.

Kavira alichukuliwa Butembo juma lililofuata. Aliniambia, "Ubakie muzuri, Faida," kama mtu anavyomwambia mwenye duka. Nikajiambia ni uchovu wa arusi.

Mikate haikununuliwa tena. Asubuhi ya kwanza baada ya arusi Mama Mbambu alikaa langoni na beseni limejaa, na watoto wa shule wakapita upande wa pili wa barabara wakishikana mikono. Asubuhi ya pili alipunguza. Asubuhi ya tatu alipika sita tu. Nilisikia wanawake wakisema kwenye bomba la maji kwamba hata harufu ya mafuta yake imebadilika. Kisha akaniita: "Bubu wangu, kuya." Nikaingia katika chumba kile. Alikuwa ameketi juu ya sanduku.

"Siku ile ningesema jina yako," akasema. "Nikaona haya itakuua pale mbele ya batu. Nikasema, muache, atasema mwenyewe. Sasa unangoja nini?"

"Kesho, Mama."

"Kesho gani? Iko kesho mingi."

"Kesho hii. Nitaenda kwa Shangazi Masika mbele hajarudia Butembo."

Nilikwenda kweli. Alikuwa amefikia kwa ndugu zake karibu na njia ya uwanja wa ndege. Nilisimama mlangoni, mkono umeinuliwa kubisha, nikasikia mazungumzo ndani. Walikuwa wanakula, vijiko viligonga sahani. Mwanamume mmoja alisema, "Tukimujua yule alishona, yeye na jamaa yake yote batatoka mu ile parsele." Na Shangazi Masika: "Watoke tu? Ongeza mafuta ku wali, hii ni kavu." Nikashusha mkono. Niliporudi, Mama Mbambu aliniuliza kwa macho, na mimi nikasema: "Sikumukuta." Lilikuwa neno moja tu, na nilishangaa jinsi lilivyotoka bila shida. Alichukua mkate mmoja wa moto, akauweka mkononi mwangu, akasema, "Kula." Nami nikaula wote, nimesimama mbele yake, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anakula mikate yake. Nimejaribu kumweleza padri ladha ya mkate ule katika kitubio, sikuweza.

Kabla mvua hazijaanza, lori la samaki lililokuwa linarudi Vitshumbi lilisimama mbele ya lango. Kaka yake alikuwa na mtumbwi huko, nadhani Mama Mbambu alimtumia ujumbe. Alipakia kitanda, sanduku, ndoo, kikaango. Turnboy, msaidizi wa dereva, alimtania: "Mama, huko ni samaki tu, mikate yako atakula nani, viboko?" Akamjibu papo hapo: "Viboko wana adabu, wananunua na hawaulize." Watu wa lori wakacheka. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa choo, natazama kupitia tundu. Alitafuta kwa macho ua mzima kabla ya kupanda. Sikutoka.

Miezi kadhaa baadaye nilipanda lori mwenyewe, nimejiambia nitamfikia na kumwambia niko tayari kusema kila kitu mbele ya watu. Tulipofika Rumangabo, kabla ya nusu ya njia, dereva alisimama kunywa chai. Abiria walishuka kujinyoosha, nami nikashuka. Hakuna kilichoharibika, njia ilikuwa wazi, wala mgonjwa hakuwapo. Nilivuka barabara nikapanda gari la kwanza lililokuwa linarudi Goma. Wazazi wangu niliwaambia lori lilikufa njiani.

Nimekuwa mshonaji maisha yangu yote, nimezaa, nimezika, na watu wananiita mama mnyenyekevu. Wanasema, "Mama Faida hana maneno." Wanadhani ni sifa. Kila ninaposifiwa hivyo naona chumba cha Mama Mbambu kikiwa kitupu, ukuta mweusi, na alama nne za miguu ya kitanda juu ya sakafu.

Baada ya kilio cha Keshero nilikaa siku nane, kisha nikaenda nyumbani kwa Kavira. Alinikaribisha chai. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza nikimwambia mtu: "Ile mito, njo miye nilishonaka." Alikuwa anakoroga sukari, hakusimamisha kijiko.

"Najua. Nilijuaka siku ile ile. Weye unarudisha sindano mara mbili ku kila kona, masista walikukataza na ukaendelea. Niliona mbele Shangazi hajaomba wembe."

Hasira ilinipanda, sijui kwa haki gani. "Basi juu ya nini haukusema?"

"Juu nilisemaka juu yako toka utoto." Sasa akanitazama. "Siku ile nikasema, leo atasimama mwenyewe. Nikangoja. Kisha nikaogopa pia, nilikuwa mugeni kwa bale batu, nilikuwa nataka banipende. Tulikuwa batatu tunajua, Faida. Na yule hana kosa njo alitoka." Tulikaa hadi chai ikapoa. Hakuniambia amenisamehe, wala mimi sikumwomba, maana si yeye wa kuombwa. Nilipoinuka alisema tu, "Kama kusema haiwezekane, andika. Mwandiko yako ni mubaya, lakini batu batasoma."

Basi nimeandika. Mama Mbambu wa mikate hakuwa mchawi. Zile nywele zilitoka kwenye baraza la kinyozi, na mito niliishona mimi, Faida, nikaondoa jina langu kwa sababu niliona aibu ya zawadi yangu. Kwa wakati huu yeye hawezi kuwa hai, ninalijua hilo. Lakini kaka yake alikuwa na watoto, na watoto wale wana watoto. Kama wewe unayesoma umezaliwa Vitshumbi, au ulipita pale zamani kununua samaki, na unakumbuka mwanamke mwenye maneno mengi na kikwembe cha ndege wa bluu kilichokatwa upande mmoja, nakuomba uniandikie. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitaisoma barua hadi mwisho. Ila kabla ya kuifunga uniambie jambo moja: asubuhi alipokaa na beseni lake kando ya ziwa, watu wa kule walinunua?